Eti mwenye funguo za hela za jeshi kamwacha baba afe

Anti, shikamoo. Naandika saa tisa usiku, usingizi umenipaa tangu turudi matangani Ujiji.

Mimi ni sajini, mhasibu wa kikosi hapa Tabora. Baba alipozidiwa, kaka alinipigia nijiandikie masurufu ya safari, hela ya kazi inayotolewa kabla, tulipe hospitali, "tutarudisha mwisho wa mwezi." Nilikataa. Nilituma mshahara wote uliobaki baada ya makato ya mkopo, mke wangu akauza cherehani yake. Baba akafariki. Basi mbele za watu, tumekaa mkekani, kaka akasema: "Mwenye funguo za hela za jeshi kamwacha baba afe."

Anti, wewe unazijua kazi hizi. Kasiki, sanduku la chuma la hela, ina funguo mbili, mwingine anao afisa. Peke yangu siifungui. Mishahara inaingia benki kwa kila askari, mimi naona karatasi tu. Masurufu usiporejesha kwa risiti unakatwa mshahara, na sisi tuna mahakama zetu, si za uraiani. Ningefungwa, wanangu angewalea nani? Yeye?

Alipokuwa anasema, wazee waliinama, hakuna aliyemwambia nyamaza. Hata baba mdogo, ambaye ada ya mwanawe chuoni nalipa mimi! Mwenye funguo. Cherehani kaka hakuitaja.

Sina haja naye tena. Namba yake nimeifuta, ingawa ipo kichwani. Mke wangu anasema nibebe hati ya mshahara niwaonyeshe wazee kwenye arobaini. Mshahara wa askari niupitishe mkekani kama sahani ya tende? Siwezi. Lakini usiku huu nimeitoa kwenye faili, nimeikunja, iko mfuko wa kanzu.

Na arobaini yenyewe inaangukia mwisho wa Juni, tunafunga hesabu za mwaka, vocha zimejaa mezani, ruhusa ni ngumu. Sijaiomba. Si kwamba mkuu wangu mbaya, ya mazishi alinipa pale pale.

Usiniambie nimsamehe, hilo shehe keshaniambia. Niambie tu, nikienda, nikae naye mkeka mmoja? Na akipiga kabla ya hapo nipokee? Maana mpaka sasa hajapiga.

Mwenye funguo, Tabora