Saluni Imehamia Bondeni

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai huko Malindi mama hajambo na watoto wote wazima. Uliuliza kwa simu kulikoni, nami nikakujibu mbiombio kwa sababu nilikuwa na mafundi. Leo nimepata nafasi.

Saluni imehama. Hatuko tena Makadara, tuko Bondeni, papa hapa Mombasa, ghorofa ya kwanza, ngazi zake ziko ubavuni mwa nyumba.

Mwenye nyumba wa kule alinijia jioni moja, mimi nimeshika nywele za mtu, akaniambia mwisho wa mwezi anataka duka lake. Kwa mdomo tu, mbele ya wateja. Niliumia sana. Nakueleza haya kwa sababu wewe pia umepanga duka na najua huna mkataba wa karatasi. Shoga, sheria ipo, Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Inamlinda mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mwenye nyumba akitaka kukutoa au kukupandishia kodi, sharti akuandikie notisi kwa fomu yake maalumu, aseme sababu, na akupe muda usiopungua miezi 2. Nawe ukiwa hukubali, umjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1, kisha upeleke shauri kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara kabla muda wa notisi haujaisha. Usije ukanyamaza! Mimi nilipomwonyesha mwenye nyumba sheria hiyo alipoa, miezi yangu nikaipata. Kushtaki sikutaka, roho yangu ilishatoka pale. Lakini muda ule ndio ulioniwezesha kutafuta kwa utulivu badala ya kubeba draya zangu na kukimbilia popote.

Kila mtu aliniambia niende Nyali, kuna pesa. Pesa ziko, sikatai. Lakini wateja wangu ni wanawake wa Kibokoni, Kuze na Majengo, wanaokuja kwa miguu baada ya alasiri na magharibi wawe wamesharudi kwao. Niwavushe daraja kwa nauli na foleni ili nikawatie hina? Na wasichana wangu wanaotoka Likoni wamechoshwa na feri tayari. Niliona pia nyumba nzuri ajabu Mji wa Kale, ila zile ni nyumba za hifadhi. Hutoboi ukuta wala hubadilishi mlango bila ruhusa, na mimi nina mabomba ya kupitisha.

Maji ndiyo yaliyonitesa. Kila nyumba niliyopelekwa nilifungua mfereji nikaonja. Dalali mmoja alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Nyingi ni maji ya kisima, chumvi tupu: shampuu haitoi povu, nywele zikikauka zimekakamaa kama makumbi. Na mteja mwenye dawa kichwani hawezi kungoja maji yarudi, ngozi itaungua. Hapa Bondeni mfereji wa maji matamu upo, lakini haupiti kila siku, wajua Mombasa. Nimeweka tangi la lita 1,000 kwa ajili ya vichwa tu, na mfereji ukikauka mwenye mkokoteni analijaza kwa mitungi. Maji ya kisima ni ya choo na kupigia deki.

Stima haikunisumbua, fundi alivuta waya mpya na kila draya ina soketi yake.

Sitara nayo, wajua nilivyo. Mtu akivua buibui kwangu sitaki jicho la mwanamume limfikie. Pazia zito lilikuwa limeshatundikwa, na fundi alishasema kazi imekwisha. Nikamkalisha msichana kwenye kiti, taa tukawasha, nikashuka nikasimama ng'ambo ya barabara. Dirishani hakuonekana. Lakini nilipokuwa napanda ngazi mtu akafungua mlango, pazia likapepea, na kioo kikanionyesha uso wa yule msichana wote hadi mabegani. Nikaamuru vioo vyote vihamishwe ukuta wa pili siku ileile. Fundi alinung'unika, nikamlipa, yakaisha.

Jambo moja halijanitoka moyoni. Bi wakubwa wangu, wale walionijia tangu naanza, ngazi hawaziwezi. Ghorofa imenipa sitara ikanikosesha wao. Kwa hivyo Jumatatu, ambapo kazi ni ndogo, nabeba beseni na vitu vyangu nawafuata majumbani. Nitaendelea hivyo maadamu wanataka.

Chumba cha nyuma nimekitenga kwa maharusi. Kina mkeka, godoro na feni, mtu asingwe, yaani asuguliwe mwili, akiwa amelala na hina ikauke bila kuharakishwa. Kule Makadara tuliwapaka wameketi kwenye kiti cha plastiki miguu imening'inia, nami sikupenda kabisa. Shaaban inakaribia, harusi za kabla ya Ramadhani zimeanza kuandikishwa, na mkono wa hina nilio nao hapa ni mmoja tu, tena bado unajifunza maua madogo. Njoo unisaidie msimu huu. Utalala kwangu, nauli juu yangu, na malipo tutakubaliana kabla hujapanda gari. Nijibu upesi, maana bibi harusi wa kwanza ameniuliza nani atamtia hina, nami nimemtaja wewe.

Wasalaam,
Shogayo