Kauli ya kutendwa kwa Kiingereza (passive): marekebisho na kazi ya kesho

Habari za jioni wanakikundi. Nimepitia sentensi zenu za jana. Wengi mmekwama palepale: "written" au "broken" mnaiweka sawasawa, ila "be" ya mbele yake mnaisahau. Kwetu kiambishi -w- kinamaliza kazi ndani ya kitenzi chenyewe: andika, andikwa. Kiingereza kinataka kitenzi kisaidizi, na wakati unabebwa na hicho kisaidizi: "The letter is written, was written, will be written, has been written." Angalieni, "written" haijatikisika popote.

Mtenda akihitajika, mleteni kwa "by". Asipohitajika, mwacheni. "My phone was stolen" inatosha. Kuongeza "by a thief" ni kupoteza wino, nani mwingine angeiba?

Halafu jamani, vitenzi visivyochukua yambwa (yule au kile kinachotendwa), kama "arrive", "happen" na "die", havigeuzwi. "It was happened" nimeiona tena leo. Ifuteni.

Kufikia kesho usiku kila mtu alete sentensi tano za kutenda, azigeuze kuwa za kutendwa, kila moja kwa wakati tofauti. "I was born" sitaipokea, hiyo mnaijua wote.