Shukrani kwa kaka aliyetufufulia jiko

Kaka yangu, uliyeniomba nisikutaje jina, pokea shukrani za dhati kutoka kwetu hapa Lewiston, Maine, Marekani. Jiko la kupashia nyumba joto, linalochoma vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, tulilonunua likiwa limeshatumika lilijaza moshi sebuleni, hadi ulipobana karatasi mlangoni mwake, ikavutika bila kukwama, ukatuonyesha kwamba utepe wa kuzibia mlango umekwisha. Ulikwangua masizi kwenye feni ya kutolea moshi, ukazibua parafujo ya kusukumia vidonge iliyokwama kwa unga wa mbao ulioloa, na ukakataa katakata kuliwasha kabla bomba la moshi la inchi 4 halijapitishwa ukutani ipasavyo na king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, hakijafungwa. Usiku ule mama alivua koti ndani ya nyumba, kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Mungu akuzidishie.