Kuta za matumbawe zisipigwe lipu ya saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makanisa madogo ya zamani yaliyoko mashamba, na hasa namna tunavyoyakarabati. Nimefanya kazi ya uashi kwa zaidi ya miaka thelathini, Unguja na Tanga, na ninayoyaeleza hapa nimeyashika kwa mikono yangu.

Mfano ulio karibu na moyo wangu ni Kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni, hapa Unguja, ambalo wageni wengi hulipita wakikimbilia kuona magofu ya skuli ya wasichana yaliyo jirani. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, mwaka 1871, na miaka michache baadaye Askofu Edward Steere akaanza kuwapa makazi hapo watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini. Mwaka 1876 baadhi yao walifuatana naye hadi kusini mwa bara, wakaanzisha kijiji cha Masasi. Waliobaki Mbweni waliendelea kulima na kujenga, na kanisa lao likawa tayari mwaka 1882, mwaka uleule Steere alipofariki dunia. Uani mwake amezikwa Caroline Thackeray, aliyeiongoza skuli ile kuanzia 1877 hadi 1902 na kubaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926.

Ukilitazama kwa mbali utadhani ni kanisa la kijiji cha Uingereza, kwa mnara wake na makaburi yaliyolizunguka. Ukisogea ukutani, mwashi yeyote wa Unguja atajiona yuko nyumbani: ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa, kama yalivyopangwa katika misikiti na nyumba za Mji Mkongwe. Kazi hiyo ilikuwa ya mikono ya watu waliowahi kutiwa bei sokoni, nao walijifunza ufundi huu wakaumudu. Ndiyo maana nasema kwamba ukuta wenyewe ni kumbukumbu yao, pengine kuliko kibao chochote tutakachoutundikia.

Sasa nieleze linalonisumbua. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, nalo hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka mvua ya masika. Lipu ya chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu huyaruhusu maji hayo kutoka taratibu jua linapowaka, kwa hiyo ukuta unalowa na kukauka bila kudhurika. Saruji huyafungia ndani. Chumvi iliyomo katika tumbawe, na ile inayoletwa na upepo wa bahari, hujikusanya nyuma ya lipu hadi ikaisukuma nje, na lipu inapoanguka huondoka na uso wa jiwe.

Nililiona hilo katika kanisa dogo la kijijini huko bara, ambalo sitalitaja. Kuta zake zilipigwa lipu ya saruji, zikapakwa rangi ya mafuta, na siku ya sherehe kila mtu alifurahi. Niliporudi baada ya masika ya tatu, nilibonyeza kidole upande wa kusini, chini ya dirisha, lipu ikabonyea kama chapati iliyovimba. Nilipoivunja kidogo, ukamwagika unga mweupe wenye chumvi na mchanga uliokuwa jiwe. Mzee wa kanisa aliyesimama nami aliuchota kiganjani, akaniuliza, "Fundi, hili ndilo jiwe la babu zetu?" Sikuwa na la kumjibu.

Najua nitaambiwa kwamba Steere mwenyewe alitumia saruji kwenye paa la Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe. Ni kweli, aliichanganya na kokoto za matumbawe akapata paa la upinde linalosimama hadi leo. Lakini hilo ni paa lililojengwa hivyo tangu mwanzo, wala si koti gumu lililovishwa ukuta laini baada ya miaka mia. Wapo pia watakaosema chokaa ni ghali na mafundi wake wamekwisha. Mafundi wamepungua, nakubali, ila hawajaisha, na kijana mwenye mikono mizuri hujifunza kupiga chokaa na kupaka niru, yaani chokaa laini ya kumalizia ukuta, akifanya kazi chini ya fundi mzee.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini mipaka yake haifiki Mbweni, seuze makanisa ya bara kama Magila, Tanga, au Masasi. Kwa hiyo usalama wa majengo haya uko mikononi mwa wazee wa kanisa na kamati za ujenzi, watu wema ambao mara nyingi hupokea mchango wa mifuko ya saruji na kuona haya kuukataa. Nawaomba wapokee saruji hiyo kwa choo, uzio au nyumba ya mchungaji, na kwa kanisa waombe chokaa. Chokaa iliyochomwa vizuri inataka kulazwa shimoni na maji kwa miezi kadhaa kabla ya kutumika, kwa hiyo kamati inayofikiria ukarabati mwakani ingepaswa kuanza kuchimba shimo lake sasa.

Wako,
Mwashi mstaafu, Unguja