Kabla hujapokea oda ya kwanza

Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia karakana yako ya Malindi iko karibu kufunguliwa. Umeuliza bei za meza na vitanda. Tutafika huko, lakini tuanze na mbao, maana seremala wa oda hapa pwani huangushwa na maji yaliyomo ndani ya ubao kuliko kitu kingine chochote.

Usinunue kwa jicho. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kisha kitie kwenye oveni yenye joto la kupita nyuzi 100 kidogo mpaka uzito ukome kushuka. Kama kilikuwa gramu 230 na sasa ni 200, zile 30 zilizopotea ni maji, yaani asilimia 15 ya uzito mkavu. Kwa nyumba ya kwetu yenye madirisha wazi, kiwango hicho kinafaa.

Lakini muulize mteja chombo kinakwenda kukaa wapi. Chumba cha hoteli chenye eyakondisheni hushusha maji ya mbao hadi asilimia 10 au chini yake, na meza ya msaji (mtiki) yenye upana wa sentimita 90 inaweza kusinyaa kama milimita 8. Ukiwa umeukaza uso wake kwa skrubu pande zote, hauna pa kwenda. Utapasuka kufuata nyuzi za mbao, na mteja atasema umempa mbao mbovu. Kwa hiyo kaza skrubu za katikati tu. Zile za pembeni zitobolee matundu marefu kwenye fremu, yalale kufuata upana wa meza, ili uso uweze kuteleza.

Skrubu ziwe za shaba. Chuma hushika kutu kwa hewa ya chumvi na huacha doa jeusi kwenye mbao. Ila shaba ni laini, ukiilazimisha hukatika shingo na mwili ukabaki ndani. Toboa kwanza, piga skrubu ya chuma ya saizi ileile, ichomoe, halafu ipake ile ya shaba nta na uiingize kwa bisibisi ya mkono.

Msaji una mafuta, gundi haishiki vizuri. Futa ndimi, yaani ncha za ubao zinazoingia kwenye matundu ya kuungia, pamoja na matundu yenyewe, kwa kitambaa chenye spiriti, ugundishe papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Unene wa ulimi uwe thuluthi ya ubao: ubao wa milimita 30, ulimi 10. Mwembe ni rahisi na una rangi nzuri, lakini hubunguliwa upesi, usiutumie bila dawa. Mwarobaini wadudu hawaupendi, nao umejaa huko kwenu. Mimi ningeanza na huo.

Sasa bei. Meza ya sentimita 180 kwa 90 inataka mbao 5 za inchi 8 kwa 1 na nusu. Nunua futi 7 kila moja, ingawa 6 zinaonekana kutosha, kwa sababu ncha zitakuwa na nyufa. Hizo ni futi 35 kwa uso pekee, na randa itakuachia unene wa milimita 32 hivi. Hesabu mbao ulizonunua, si zilizobaki mezani. Arubuni iwe asilimia 60, usipasue ubao kabla hujaipokea. Mteja akibadilisha kipimo, muandikiane upya hapohapo.

Ukipata kazi ya huku Lamu, pima njia kabla ya kupima kitanda: mlango mwembamba kuliko yote, kona ya ngazi, na upana wa uchochoro punda akiwa amebeba. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kilichogundishwa hakipandi ngazi za nyumba za mawe. Kifanye vipande vinne, ndimi zitokeze nje ya miguu, uzifunge kwa kabari bila gundi. Viti vya enzi vya zamani navyo hufunguka vipande. Weka namba kwa patasi kwenye kila ulimi na tundu lake, kwa upande usioonekana, la sivyo mafundi wa kukiunga kitanda watakesha.

Nitumie vipimo vya ile oda ya kabati uliyoitaja, pamoja na aina ya mbao, nikuhesabie futi.

Wasalaam,
Sahibu yako