Anayechorwa naye atajwe jina

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti linapochapa picha iliyochorwa ya mtu, tunasimuliwa habari za mchoraji: amesomea wapi, anapenda rangi gani, picha imeuzwa kwa kiasi gani. Yule aliyekaa mbele yake saa nyingi akichorwa huishia kuitwa "binti" au "mzee", au tunaambiwa tu kwamba alikuwa msukumo wa msanii. Anayeijua kazi inavyofanyika ndani ya studio hawezi kuridhika na maelezo hayo.

Kukaa uchorwe ni kazi ya mwili. Utaratibu uliozoeleka ni dakika 20 za pozi na dakika 5 za kupumzika, na kila baada ya saa moja hivi mapumziko marefu zaidi. Kikao huanza na mapozi mafupi ya dakika moja au mbili. Mkono wa mchoraji unapata moto, na anayechorwa anapima mkao upi mwili wake utauhimili. Wageni wa kazi hii hupenda pozi la madoido: mikono juu ya kichwa, uzito wote kwenye mguu mmoja. Dakika chache tu, vidole vinaingia ganzi na viwiko vinaanza kushuka. Anayesimama huku amekaza magoti yuko hatarini kuzirai, maana damu hutuama miguuni na kichwa kikapungukiwa. Alegeze magoti, awe anakaza na kuachia misuli ya mashavu ya miguu, na aseme mapema akianza kuona kizunguzungu. Asingoje kengele ya mapumziko.

Kabla ya kila mapumziko, zungusha chaki au bandika vipande vya utepe pale zilipo nyayo, kiwiko kilipogusa meza na miguu ya kiti iliposimama. Anayechorwa naye achague alama moja ukutani ya kuikazia macho. Msipofanya hivyo, bega litarudi likiwa chini kidogo kuliko lilivyokuwa, na mchoraji ataanza kusahihisha mstari ambao haukuwa na kosa. Tena mwili una tabia ya kutulia: katika dakika kumi za mwanzo mgongo hushuka na kidevu huinama. Ndiyo maana wazoefu hawakazi mistari ya msingi haraka. Anayechorwa akiuliza, "Mgongo umeshuka, niunyooshe au nibaki hivi?", ameshaingia kwenye uamuzi wa picha. Kwa maoni yangu ushirikiano wa kweli huanzia kwenye swali la namna hiyo, na si kwenye hisia kubwakubwa tunazosimuliwa.

Urafiki hukua taratibu. Vikao vya kwanza uso huwa mgumu, macho yanakwepana. Baadaye wanajifunza kwamba mkono ukichorwa wanaweza kuzungumza, ila mdomo ukichorwa lazima kimya. Kisha anayechorwa anaanza kutoa mawazo: kiti kisogezwe dirishani, nguo hii inaficha umbo la shingo. Kwa wapiga picha ni vivyo hivyo. Mwanamitindo wa Kimarekani Lee Miller, mwanamke, alipofika kwa msanii na mpiga picha Man Ray mjini Paris mwaka 1929, alipigwa picha, akawa mwanafunzi, akawa msaidizi wa chumba cha giza, kile cha kusafishia picha. Kwa maelezo ya Miller mwenyewe, aliwasha taa kwa kushtuka wakati filamu zikiwa bado kwenye dawa, na kutokana na hapo wawili hao wakaiendeleza mbinu ile inayogeuza sehemu za giza na mwanga. Lakini kwa miaka mingi sifa za mbinu hiyo zilimwendea zaidi mwanamume, Man Ray.

Victorine Meurent, ambaye mchoraji wa Kifaransa Manet alimchora mara nyingi, alikuwa mchoraji pia. Mwaka 1876 kazi yake ilikubaliwa kwenye maonyesho makuu ya Paris, wakati za Manet zilikataliwa mwaka huohuo. Suzanne Valadon naye alijifunza kuchora kwa kuwatazama waliokuwa wakimchora, mchoraji maarufu Renoir akiwa mmoja wao, hata mchoraji mwenzake Degas akawa ananunua michoro yake. Watu hawa walikuwa wakiangalia na kupima kama wachoraji wenyewe.

Urafiki una hasara yake pia, na hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mkizoeana, saa haiangaliwi. Dakika 20 zinakuwa 35, malipo yanageuka kuwa shukrani, na anayechorwa anaona aibu kulalamika. Mchoraji wa Kiingereza Millais alipomchora mwanamitindo Elizabeth Siddal mwaka 1852 akiwa amelala ndani ya bafu la maji, taa zilizokuwa zikipasha maji zilizimika. Mchoraji alikuwa amezama kazini asione, Siddal akavumilia kimya, akaugua vibaya. Baba yake Siddal akadai fidia, na Millais akaishia kulipa gharama za daktari. Uvumilivu wa namna hiyo husifiwa kuwa ni mapenzi ya sanaa. Mimi nauita uzembe wa usimamizi.

Hasara nyingine humkuta mchoraji mwenyewe: anamzoea mtu hadi anaacha kumtazama, akachora uso ulioko kichwani mwake. Utaijua dalili hiyo pale picha tatu mfululizo zinapofanana macho hata kama mwanga umebadilika. Badilisha upande, itazame picha kupitia kioo ili kasoro zijitokeze, au simamisha kazi kwa wiki kadhaa. Mchoraji Picasso alifuta uso wa mwandishi Gertrude Stein kwenye picha aliyokuwa akimchora mwaka 1906 baada ya vikao vingi mno, akasafiri kwenda Hispania, aliporudi akaumaliza bila Stein kuwepo.

Kwa hiyo makubaliano yaandikwe kabla ya kikao cha kwanza, wakati bado hakuna anayeona haya. Ukurasa mmoja unatosha. Malipo yawe kwa saa, mapumziko yakihesabiwa. Itajwe kikao kikivunjwa ghafla nani anamlipa nani, nani mwingine anaruhusiwa kuingia chumbani, kama simu itapiga picha na picha hizo zitafutwa lini. Pozi lirekebishwe kwa maneno au kwa mchoraji kuonyesha kwa mwili wake. Asimguse mtu bila ruhusa. Pawepo pahali pa kubadilishia nguo penye pazia, na chumba kiwe na joto la kumfaa asiyesogea, si la kumfaa anayefanya kazi amesimama. Mwisho ziandikwe hatima ya picha ambazo hazijakamilika endapo urafiki utavunjika, na sehemu ya mauzo kama mfululizo mzima unamtegemea mtu mmoja. Karatasi hiyo ipitiwe tena kila baada ya miezi michache, kwa sababu aliyeanza kwa kukaa tu huenda sasa anapanga mwanga na mavazi, na kazi hiyo ina malipo yake.

Ombi langu kwenu ni dogo. Waandishi wenu wa sanaa wamuulize mchoraji: huyu ni nani, na je, yeye mwenyewe ameridhia kutajwa? Akiridhia, jina lake likae chini ya picha pamoja na la mchoraji, kwa herufi za ukubwa uleule. Asiporidhia, andikeni kwamba jina limehifadhiwa kwa ombi lake, ili msomaji ajue kuwa aliulizwa.

Msomaji wenu