Barua kwa mwanangu aliye Kolwezi, baada ya kumzika mwalimu wake

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpenzi,

Mwalimu wako wa ufundi wa umeme tumemzika Jumamosi. Najua ulipata habari kwa simu siku ile ile, na najua kwamba ruhusa hukupewa kwa kuwa bado uko katika miezi ya majaribio, kwa hiyo sikuandikii ili kukulaumu kwa kutokuja, ingawa mama yako alikuwa na maneno yake. Ninaandika kwa sababu ya jambo alilonieleza mdogo wako usiku wa kilio, tulipokuwa tumekaa nje kwenye viti vya kukodi: kwamba huko Kolwezi kikosi chenu kizima kinatumia kufuli moja tu mnapozima mashine ili kuitengeneza, na kwamba ufunguo wake hukaa kwa kiongozi wa zamu. Alinisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka. Nijibu hilo kwanza, mama, kabla ya salamu na kabla ya kunieleza habari za chakula: ni kweli au si kweli?

Mimi si fundi. Kazi yangu yote ilikuwa chaki na watoto wa darasa la pili, na waya wa umeme nauogopa hadi leo. Lakini miaka yote uliyosoma kwa Mwalimu somo la kufuli lilikuwa likirudi nyumbani pamoja nawe, likikaa mezani kati ya bukari na sombe, hata nikawa ninaweza kulifundisha mwenyewe. Anayeingiza mkono ndani ya mashine ndiye anayekata umeme, ndiye anayetia kufuli, na ufunguo unaingia mfukoni mwake, si mfukoni mwa mwingine. Wakiwa mafundi watano, makufuli ni matano, na mashine haiwaki mpaka yule wa mwisho amalize kazi yake na kutoa la kwake. Kufuli moja la watu wote Mwalimu alikuwa akiliita hereni ya mashine, pambo tu.

Umeniambia kwamba mkanda unaopeleka mawe kwenye kiwanda chenu ni mrefu kiasi kwamba aliye mwanzoni hamwoni aliye mwishoni, na kwamba anayeuwasha amekaa ndani ya chumba mbele ya skrini. Huyo hakuoni. Akiambiwa kwa redio kwamba kazi imekwisha, ataamini aliyoambiwa, na kiongozi wa zamu ambaye amefuatwa na simu tatu za wakubwa wanaouliza kwa nini mawe hayapiti, atatoa kufuli lake akidhani kwamba wote mmekwisha kutoka. Hata asipokosea yeye, kesho yuko likizo na anakuja mwingine. Tena wewe mwenyewe ndiwe uliyetueleza kwamba kukata umeme hakutoshi, kwa kuwa mkanda uliolala kwenye mteremko ukiwa na mzigo unaweza kurudi nyuma kwa uzito wake, na kwamba ndani ya baadhi ya masanduku ya umeme kuna kapasita zinazobaki na nguvu kwa dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa. Mtu anayeyajua hayo yote akubalije ufunguo wa maisha yake ukae katika suruali ya mtu mwingine?

Nikueleze kidogo jinsi kilio kilivyokwenda, kwa kuwa hukuwepo. Walikuja wanafunzi wake kutoka Likasi, kutoka Kasumbalesa, hata kutoka huko kwenu, wengine wana mvi kuliko mimi. Usiku wa pili umeme wa mtaa ukakatika, jenereta ikawashwa, na katikati ya nyimbo ikaanza kukohoa na kufifisha taa. Wakainuka wanaume saba au wanane kwa wakati mmoja. Nilidhani wataivamia, lakini hakuna aliyeigusa: walisimama kuizunguka na kuulizana, «Umeizima wewe? Nani ameizima?», mpaka mmoja akaizima mbele ya macho ya wote, akachomoa waya wa plagi ya kuwashia injini, akaushika mkononi mwake, ndipo wakainama. Mjane alikuwa akiwatazama kupitia mlangoni, akacheka huku akilia. Wakati padri alipokuwa akisoma wasifu wake Jumamosi, mimi nilikuwa bado ninawafikiria wale walioizunguka jenereta.

Katika wasifu huo yalisemwa mengi ya kweli, lakini haukutaja la atelye, ile karakana yake ya kufundishia, nami nadhani ndilo lililokuwa kubwa. Unajua kwamba yeye alisomea kwa Wasalesiani, watawa wa Don Bosco, wale ambao watangulizi wao walifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na mwaka mmoja tu. Kwao ndiko alikosikia kwamba Don Bosco, kabla ya kufungua karakana yake ya washona viatu na mafundi cherehani huko Torino mwaka 1853, alikuwa akiwapeleka vijana kwa mabwana wa kazi mjini na kuwatilia sahihi mikataba iliyomkataza bwana kumpiga mwanagenzi au kumgeuza mtumishi wa nyumba yake. Wengi husikia hadithi hiyo kila tarehe 31 Januari, wakapiga makofi, wakaenda kula. Yeye aliichukua ilivyo. Hakuna mwanafunzi wake aliyekwenda kufanya mazoezi kwenye kampuni yoyote bila karatasi iliyosema atafundishwa nini, atasimamiwa na nani, na kwamba hatatumwa sokoni. Nakumbuka walimu wenzangu walivyomsema kuwa ana kiburi. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakikaa katika mazungumzo hayo, tuyaache.

Halafu zikaja zile nyakati ambazo wewe hukuziona. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, mwaka uliofuata ukawa wa uporaji, na Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikia hata 50,000. Shule za ufundi zilikuwa zimezoea kuishi kwa mabaki ya viwanda: vipande vya chuma, nyaya, mota zilizochoka. Viwanda vilipolala, mabaki yakakauka, na shule nyingi zikaanza kufundisha umeme kwa kuchora ubaoni. Mwalimu alikataa. Alizunguka mitaa ya Kenya na Katuba hapa hapa Lubumbashi akiwatafuta wenye mashine za kusaga mahindi, akawaambia wamletee mota zilizoungua badala ya kuzitupa, nao watalipa waya tu. Ndipo watoto wakajifunza kusuka mota upya juu ya meza za shule: wanatoa koili iliyoungua, wanahesabu mizunguko yake mmoja mmoja na kuandika daftarini, wanakata karatasi ya kuzuia umeme na kuilaza ndani ya kila mfereji, wanasuka shaba mpya, wanaimwagia vanishi na kuianika. Aliyepotewa na hesabu hakuruhusiwa kukisia. Alianza upya kwenye koili nyingine. Wenye mashine walipata mota zao, shule ikapata waya, na kizazi kizima kikapata mikono. Ni shule ngapi leo zinaweza kusema hivyo, hata zile zenye majengo mapya?

Siku zako katika atelye sitazisimulia, unazijua kuliko mimi. Nitasema tu kwamba alipokuja hapa nyumbani kuniomba nisikuhamishe kutoka kitengo cha umeme kwenda ualimu, hakuniambia kwamba wasichana pia wanaweza, kama wanavyosema kwenye redio. Aliniambia kwamba wewe ndiwe pekee darasani uliyepima kipimo kabla ya kupima waya: kwanza kwenye soketi inayojulikana kuwa na umeme, kisha kwenye waya uliozimwa, kisha tena kwenye soketi ile ile, ili kuhakikisha kwamba kifaa chenyewe hakikufa katikati. Alisema, «Huyu hadanganywi na taa isiyowaka.» Nilijivuna siku ile, mwanangu, ijapokuwa nilimjibu kwa ukavu, na ninajivuna hata sasa. Ndiyo maana ninashindwa kuelewa. Aliyekuwa hadanganywi na taa isiyowaka, leo anaridhika na kufuli la mwingine?

Usinijibu kwamba wewe ni mgeni kazini na kwamba mgeni hasemi. Najua ugeni, najua pia mkataba wa miezi mitatu ulivyo: anayeuliza sana harudishwi. Lakini hukuombwa kuhutubia kikosi. Unatia kufuli lako kando ya lile lao, kimya, unaendelea na kazi. Kama chuma cha kushikia makufuli kina tundu moja tu, waambie kuna vile vyenye matundu sita, Mwalimu aliwaonyesha. Na kama kiongozi wa zamu atakasirika, mwulize kwa heshima ni wapi mkataba wenu unakataza. Je, huo mkataba umeusoma wote, au ulitia sahihi ukurasa wa mwisho tu kama dada yako alivyofanya na ile nyumba ya kupanga?

Mjane amenipa daftari lake moja nilitazame, nitamrudishia. Ndani yake kuna maswali aliyokuwa akiwapa wa mwaka wa mwisho. Moja linahusu huko uliko: kwa nini umeme wa bwawa la Inga, unaosafiri kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi kwenye njia iliyoanza kazi mwaka 1982, huletwa kwa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, na kugeuzwa kuwa mkondo geu, ule wa majumbani, baada ya kufika? Chini yake ameandika jibu kuhusu upotevu mdogo wa nguvu katika safari ndefu, kisha, kwa wino mwingine, swali la pili: «Na vijiji vinavyopitiwa juu, vinapata nini?» Hilo hakuliandikia jibu. Ninafikiri walimu wengi wa ufundi wangeishia kwenye swali la kwanza.

Sasa kufuli lako. Mwalimu alikuwa akimpa kila aliyehitimu kufuli moja jekundu, alilolinunua kwa fedha zake, na mshahara wake naujua kwa kuwa haukupishana sana na wangu. La kwako liko hapa, kwenye banda la kuku. Ulikuwa umeondoka, kuku wawili wakaibwa usiku mmoja, na kufuli lilikuwa kwenye droo. Basi ndivyo ilivyokuwa. Mama yako anasema ulipaswa kuondoka nalo mwenyewe, na katika hilo nakubaliana naye. Nimelifungua jana, nimelitia mafuta ya cherehani, funguo zote mbili zinafanya kazi. Banda nimelifunga kwa waya, mpaka tutakapopata kufuli la kawaida sokoni.

Mengine ya nyumbani ni haya. Mabati ya chumba cha nyuma yamevuja tena upande wa ukuta wa jirani, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Fedha ulizotuma zimefika, lakini usitume nyingine mwezi huu: tulichanga kwa ajili ya kilio, wewe tumekuandika katika orodha kwa jina lako, na tumekulipia. Utamrudishia mama yako, si mimi. Shinikizo lake la damu limeshuka kidogo tangu aache chumvi ya samaki wakavu, ingawa anaila nikiwa kanisani. Mdogo wako anachagua kitengo mwaka huu, na tangu kilio hasemi kingine ila umeme. Sijampinga. Nimemwambia tu kwamba atakaa nawe wiki moja wakati wa likizo kabla ya kuamua, akuone unavyofanya kazi, kwa hiyo ujue kwamba atakuwa anatazama makufuli yapo mangapi.

Na huyo atakayeshika atelye baada ya Mwalimu, hatujui ni nani. Mkuu wa shule aliuliza kaburini kama kuna mmoja wa wanafunzi wa zamani anayeweza kuja hata Jumamosi mbili kwa mwezi, wote wakatazama viatu vyao. Mshahara wa Kolwezi hauwezi kulinganishwa na wa shule, hilo hata mtoto anaelewa. Sikutaja jina lako. Lakini wewe una zamu za siku nne kazini na nne nyumbani, na barabara ya kupitia Likasi siku hizi si mbaya, fikiri mwenyewe.

Shangazi yako anapanda basi Alhamisi asubuhi. Atakuletea mfuko mweusi: ndani kuna unga, ndakala, sweta uliyoisahau, na kufuli limefungwa katika soksi ili lisigongane na chupa ya mafuta ya mawese. Nauli ya mzigo nimelipa, asikudai. Ukilipata, liandike jina lako kwa rangi isiyofutika pamoja na namba ya simu, na uweke namba yangu, kwa sababu yako inazimwa kila mara.

Baba yako